Karai la Baba Mbele ya Jaji

16 Februari, Jumapili

Mimi ni Merrill Colburn, umri miaka sitini na tisa. Nimeendesha greda la theluji la mji wetu wa East Harlow, Vermont, kwa miaka thelathini, na sijawahi kuandika kitu kirefu kuliko orodha ya vipuri. Naandika sasa kwa sababu karani wa mahakama ya mirathi kaniambia niandike. Nilikwenda kuchukua fomu ya kuomba niwe mlezi wa kisheria wa dada yangu Thirza. Fomu ina mistari sita ya kueleza kwa nini mtu mzima hawezi tena kujiamulia mambo yake. Karani akaniangalia juu ya miwani akasema, "Bwana Colburn, kaweke shajara. Tarehe, saa, nini kimetokea. Jaji hataki kusikia kwamba dada yako amekuwa mtu wa ajabu. Anataka kujua Jumanne alifanya nini."

Haya. Thirza ana miaka sabini na saba. Hakuolewa. Anaishi peke yake katika nyumba ya wazazi, nami naishi nusu maili chini yake, barabara ile ile. Tangu baba afe yeye ndiye anayesimamia msitu wetu wa mepo, miti ya utomvu mtamu, na banda la kuchemshia utomvu huo uwe asali. Mwaka jana alianza kuniita kwa jina la baba. Mwezi wa Desemba nilikuta jiko la gesi linawaka bila sufuria juu yake, naye yuko ghalani akitafuta paka aliyekufa zamani.

Nataka mahakama inipe idhini ya kumhamishia kwenye nyumba ya wazee kabla ya baridi nyingine. Nimeshaiandika sentensi hiyo, nayo imekaa vibaya kwenye karatasi.

18 Februari

Tumeanza kutoboa miti. Mimi nimebeba ndoo, yeye kashika keekee. Haangalii mara mbili. Anapapasa gome, anatafuta kovu la mwaka jana, anasogea vidole vinne pembeni, anatoboa. Nilitaka kutoboa mmoja upande wa kaskazini akanipiga kibao mkononi.

"We Merrill, miaka yote hii hujui jua linatokea wapi?"

"Nilikuwa naendesha greda, dada."

"Ndiyo maana uligonga sanduku la barua la kila mtu."

Miti mia moja na arobaini kwa siku moja, hakukosea hata mmoja. Nimerudi nyumbani nikaitazama ile fomu, nikaona haya.

20 Februari

Baridi kali. Hakuna kinachotiririka.

22 Februari, Jumamosi

Haya imenitoka. Asubuhi jirani yetu Royce Benway alisimamisha gari lake la pikapu mbele ya nyumba yangu, akashusha kioo.

"Merrill, siku hizi dada yako anakamua umeme?"

Sikumwelewa. Nikapanda naye. Kuanzia kwenye daraja hadi kwenye lango la Thirza, nguzo saba za umeme, kila moja imetobolewa tundu safi, upande wa kusini, kimo cha kiuno, mrija umegongewa vizuri na ndoo imening'inizwa na kufunikwa kifuniko. Kazi ya fundi. Royce alikuwa anacheka mpaka aliponiona usoni, akaacha.

Thirza alikuwa kwenye nguzo ya saba, ameweka sikio lake juu ya mbao.

"Hii miti mbona imekauka hivi?" akaniuliza. "Baba atasema tumeiua."

Nikamwambia tutaipumzisha mwaka huu. Akakubali. Royce na mimi tukaziondoa ndoo moja moja.

25 Februari, Jumanne

Nimewasilisha ombi. Mahakama ya mirathi, kana kwamba dada keshakufa.

28 Februari

Leo askari wa kaunti kampelekea Thirza nakala ya ombi, sheria inataka hivyo. Nilikuwepo. Alivaa miwani akaisoma yote kwa sauti, amesimama kizingitini, bila kukwama, mpaka kwenye jina langu. Kisha macho yake yakarudi mwanzo wa ukurasa.

"'Mtu asiyejiweza.' Nani huyo?"

Niliangalia buti zangu.

"Nimekuuliza wewe, Merrill. Nani huyo? Mimi ndiye niliyekufundisha kufunga kamba za viatu. Mimi ndiye niliyekaa na mama mpaka mwisho, wewe ukiwa umejificha kwenye greda. Unaniandika kwa askari?"

"Dada, nguzo za umeme..."

"Toka kwangu!"

Akanifungia mlango. Nilisikia komeo. Nilikaa kwenye ngazi zake mpaka miguu ikafa ganzi, kisha nikashuka.

1 Machi

Hanijibu simu. Moshi upo kwenye dohani lake, basi.

2 Machi

Vivyo hivyo.

3 Machi

Amepiga simu saa kumi na mbili asubuhi. "Utomvu unatiririka, wewe bado umelala?" Hakuna nguzo, hakuna askari, hakuna karatasi. Nimekwenda mbio. Tumekusanya tangi zima. Nimefurahi, halafu nikajua kwamba ninachofurahia ndicho nitakachokwenda kumshitakia.

4 Machi, Jumanne

Mkutano wa mji. Kama kila mwaka tumekaa kwenye viti vya chuma ndani ya ukumbi wa shule, akina mama wakipanga maharage na mkate wa mahindi nyuma. Ilipofika hoja ya kokoto za barabara, Thirza akasimama. Hakuna mkutano ambao hakusimama. Akaeleza kwa nini kilima cha Stannard kinabomoka kila masika, mfereji wa chini ya barabara ulizikwa wapi, na nani aliuzika vibaya (mimi). Ukumbi ukacheka, ukapiga makofi. Nilijivuna sana.

Baada ya robo saa, tukiwa kwenye hoja ya zimamoto, akasimama tena. Hotuba ile ile, neno kwa neno, na mzaha ule ule kuhusu mimi. Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti wa mkutano angeweza kumkatiza. Alimwacha amalize, akasema, "Asante, Thirza, tumekusikia." Akaketi akiwa na furaha. Mimi niliangalia sakafu mpaka maharage yakapakuliwa.

7 Machi

Mahakama imempa Thirza wakili wake, ili ampinge nani? Ili anipinge mimi. Anaitwa Noreen Gagnon, umri kama thelathini na tano, viatu vimejaa tope, sauti ya chini. Alinitoa jikoni kwa dada yangu mwenyewe.

"Nahitaji kuzungumza na mteja wangu peke yake, Bwana Colburn."

"Mteja wako atasahau jina lako kabla hujafika kwenye gari."

"Basi nitamwambia tena," akasema.

Saa nzima nimekaa ghalani kama mbwa aliyekojoa ndani. Nilisikia Thirza anacheka. Alipotoka, wakili alibeba mtungi wa asali ya mepo mkononi. Nikamuuliza kama hiyo si rushwa. Akasema amejaribu kuukataa mara tatu. Simpendi.

11 Machi, Jumanne

Nisingependa kuyaandika haya, lakini jaji anataka tarehe na saa, basi atazipata zote.

Tulianza kuchemsha saa mbili asubuhi. Tangi limejaa, moto unavuma, mvuke unatoka juu ya paa vizuri. Thirza kwenye kigoda chake mbele ya mlango wa tanuri, mimi nyuma kwenye tangi. Kipande cha mafuta ya nguruwe kimening'inizwa kwa uzi juu ya karai la kuchemshia, kama baba alivyokuwa akifanya, povu likipanda linakigusa na kushuka. Kila kitu sawa. Saa nne hivi niliona utomvu unaingia karaini kwa shida, kichujio kimezibwa na magamba ya gome. Nikafunga koki, nikachomoa kichujio nikakisafishe. Simu ikalia. Karani wa mahakama. Mle bandani simu haishiki vizuri, nikamwambia dada, "Endelea kutia kuni," nikatoka nje mpaka barabarani. Karani akanipa siku ya kusikilizwa kwa shauri, 3 Aprili, saa tatu. Akaanza kunieleza kuhusu daktari wa akili atakayekuja kumpima Thirza, nani atakuwepo, nani hatakuwepo. Dakika ishirini, labda zaidi.

Niliponyanyua kichwa, moshi uliokuwa ukitoka juu ya paa ulikuwa mweusi.

Nilikimbia. Mlangoni nilipigwa na harufu ya sukari iliyoungua, inakaba koo. Karai lilikuwa kavu. Kavu kabisa, chini linawaka jekundu, mafuta ya nguruwe yamedondoka na kushika moto, na ule moto unalamba boriti. Na Thirza yuko palepale kwenye kigoda, gogo mkononi, anafungua mlango wa tanuri atie lingine!

Nilimvuta kwa koti nikamtupa nje kwenye theluji. Nilimwaga ndoo za utomvu juu ya boriti, nikamwaga theluji kwa koleo, mvuke ukaniunguza shingo. Boriti ilizimika. Karai limekufa. Karai la baba, alilofua fundi wa St. Johnsbury kabla mimi sijazaliwa, limepasuka kwenye mshono na chini limetoboka.

Nilimfokea. Sijawahi kumfokea dada yangu namna ile. "Huoni? Huna macho? Umekaa hapo unaangalia tu? Ungekufa, Thirza! Ungekufa humo ndani!"

Alikuwa amekaa kwenye theluji, masizi usoni. "Ulisema nitie kuni," akasema.

"Kuni, ndiyo, si kuchoma nyumba!"

Hapo ndipo maji yaliponifika shingoni. Nguzo za umeme ni kichekesho. Hili ni kifo. Jaji akitaka sababu, sababu ni hii.

12 Machi

Kaja kwangu kwa miguu, kofia mkononi. "Samahani, Merrill. Niliunguza karai la baba."

Nikamwambia yamepita. Nilikuwa bado nina hasira.

13 Machi

"Samahani kwa karai."

14 Machi

Nimesaini maelezo ya kiapo. Yapo nguzo, yapo jiko la gesi, na karai ndilo limechukua ukurasa mzima. Nimeandika: "Aliachwa kuangalia moto, akaacha karai likauke, akaendelea kutia kuni." Mthibitishaji kagonga mhuri.

Utomvu wetu sasa tunampelekea Royce auchemshe kwake.

15 Machi

Hili ndilo silielewi. Hakumbuki askari. Hakumbuki wakili, wala kwamba mama amekufa. Lakini karai analikumbuka. Amenipigia simu mara nne leo, kila mara kama ni mara ya kwanza. "Merrill, lazima nikwambie kitu kibaya. Niliunguza karai la baba." Mara ya nne alikuwa analia. Dada yangu huwa halii.

18 Machi, Jumanne

Royce kamkuta darajani alfajiri, kwenye baridi ya kukausha mate, amevaa soksi na gauni la kulalia. Alikuwa anakwenda St. Johnsbury kumtafuta fundi wa makarai. Royce kamfunga blanketi, kaja naye kwangu. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vimekuwa vyeupe. Daktari anasema havitakatwa, lakini nusu saa zaidi ingekuwa habari nyingine.

Royce amekaa jikoni kwangu akizungusha kikombe. "Ulikuwa umechelewa kuomba ulezi, Merrill," akasema. "Mimi nilikuwa nacheka tu."

Nimeanza kulala kwenye kochi la Thirza. Hataki. Anasema nakoroma.

20 Machi

Daktari wa akili kaja kumpima. Thirza hakujua mwaka, alimtaja rais aliyekufa, na akamsahihisha daktari jinsi ya kutamka jina la kaunti yetu.

24 Machi

Mvua. Tope mpaka kwenye magoti. Samahani mbili.

26 Machi

Wakili Gagnon karudi. Safari hii alinikuta nje napasua kuni, akasimama kwenye tope.

"Naomba nikuulize kitu ambacho pia nitakuuliza mahakamani. Ile siku ya karai, wewe ulikuwa wapi?"

"Kwenye simu. Nimeandika."

"Kabla ya simu?"

"Kwenye tangi. Kwani wewe unajua nini kuhusu kuchemsha utomvu?"

"Babu yangu alikuwa na banda kama lenu, kule Barton. Karai halikauki tangi likiwa limejaa, Bwana Colburn. Nimejiuliza tu."

Nikamwambia ajiulize akiwa kwenye gari lake. Akaondoka. Nikaendelea kupasua kuni nyingi kuliko nilizohitaji.

29 Machi, Jumamosi

Leo nimekaa mezani kwa Thirza kunakili matukio kutoka kwenye shajara hii, niende nayo mahakamani Alhamisi. Nimesoma kuanzia mwanzo. Nikafika 11 Machi.

"Nikafunga koki, nikachomoa kichujio nikakisafishe. Simu ikalia."

Nimeisoma nikapita. Nikarudi. Nikatafuta mstari unaofuata, pale nilipokirudisha kichujio na kufungua koki. Haupo. Nimegeuza ukurasa kama mjinga, kana kwamba ungekuwa umejificha nyuma.

Nikashuka bandani. Hakuna aliyegusa kitu kule tangu siku ile, utomvu wa tangi unavutwa kwa pampu kutoka juu na kupelekwa kwa Royce. Koki imefungwa. Nikarudi nyumbani kwangu kuchukua koti la zamani nililovaa siku ile, nililolitundika ghalani kwangu kwa sababu ya harufu ya moshi. Kichujio kilikuwa mfuko wa kulia, kimeshikana na leso.

Nilikaa juu ya debe.

Mimi ndiye niliyekata utomvu. Karai lilikuwa halipati hata tone, na mtu niliyemwambia "Endelea kutia kuni" aliendelea kutia kuni. Alifanya nilichomwambia. Kosa la mtoto anayeingia bandani mara ya kwanza, kosa ambalo baba alikuwa akituchapia: kufunga koki na kuuacha moto. Hakuna anayefunga koki akatoka. Na mimi nikamtupa kwenye theluji, nikamfokea, nikala kiapo juu yake. Akaenda darajani kwa soksi kumtafuta fundi aliyekufa, kwa ajili ya kosa langu.

Mtu angeniuliza iwapo Thirza wa zamani angeuona utomvu ukishuka karaini, ningesema ndiyo, angeuona. Hilo ni kweli pia. Lakini silo nililoliapia.

30 Machi, Jumapili

Sijamwambia mtu. Nimefikiri hivi siku nzima: nikisema, yule Gagnon atalipasua ombi langu vipande vipande. Mwongo huyu, atasema, na kiapo chake cha uongo. Jaji atamwacha Thirza kwenye nyumba yake tupu bila mtu mwenye idhini ya kumshika mkono, na mwezi wa Januari atakwenda darajani tena. Nikinyamaza, nitapata ninachotaka, naye atakuwa salama, na hatakumbuka.

Isipokuwa hilo moja analokumbuka.

Samahani tatu leo. Ya tatu nilitoka nje.

31 Machi

Nimemwambia. Alikuwa anamenya viazi. Nikasema, "Dada, karai hukuliunguza wewe. Nilifunga koki nikasahau. Ni mimi."

Kisu kikasimama. Akanitazama, na alikuwa yeye, Thirza mzima, wa miaka arobaini iliyopita.

"Ulifunga koki ukatoka?"

"Ndiyo."

"Moto unawaka?"

"Ndiyo, dada."

"Mpumbavu! Mpumbavu mkubwa wewe! Miaka sitini kwenye banda lile na hujui? Kichwa cha nini hicho, cha kuvalia kofia? Ningekuwa na fimbo ya baba ningekuchapa mpaka ukimbilie New Hampshire!" Akanirushia kiazi. Kilinipata sikioni.

Nilicheka na kulia pamoja. Nikafikiri yamekwisha.

Saa kumi alikuja nyuma yangu sebuleni, anafuta mikono kwenye aproni. "Merrill, lazima nikwambie kitu kibaya."

2 Aprili

Kesho. Nimefua shati.

3 Aprili, Alhamisi

Chumba cha mahakama ni kidogo, meza moja ndefu, bomba la kupasha joto linagonga. Jaji Lavoie ni mwanamke wa makamo, amevaa sweta chini ya joho. Mimi upande mmoja, Thirza na Gagnon upande wa pili, Royce nyuma kama shahidi. Thirza kavaa kofia ya mama ya kanisani.

Nikala kiapo. Gagnon akasimama. "Bwana Colburn, tuanze na karai."

"Kabla hujaanza," nikasema, "nina kitu cha kusoma."

Nikafungua daftari hili nikasoma 11 Machi, mstari wa koki. Kisha nikasoma 29 Machi, yote. Sauti ilinikatika pale kwenye soksi. Nikaweka kichujio juu ya meza.

Bomba likagonga. Gagnon akakiokota kichujio, akakigeuza mkononi. Nilidhani atafurahi. Hakufurahi.

"Kwa hiyo maelezo yako ya kiapo si ya kweli," akasema.

"Niliposaini niliyaamini. Sasa siyaamini."

"Uligundua lini?"

"Jumamosi."

"Leo Alhamisi. Ulikaa nayo siku tano."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kushinda."

Akaandika kitu. Jaji akaniambia kwamba ukurasa wa karai unafutwa wote na hautahesabiwa. Kisha akamwita Royce, akasikia habari ya darajani. Akaisoma taarifa ya daktari wa akili kimyakimya. Nguzo za umeme alitaka aelezwe mara mbili.

Gagnon akasema mteja wake hakatai kwamba anahitaji msaada. Anachokataa ni nyumba ya wazee. "Nimemuuliza siku nne tofauti," akasema, "na kila mara hakunikumbuka mimi, ila jibu lilikuwa moja: anataka kufia mahali anapojua milango iko wapi."

Nilikuwa sijui kwamba alikwenda siku nne. Mimi sikuwahi kumuuliza hata siku moja.

"Bwana Colburn," jaji akasema, "umeandika nyumba ya wazee."

"Naifuta, mheshimiwa. Nitahamia kwake."

"Umemuuliza?"

"Sijamuuliza."

"Basi muulize. Yuko hapo."

Nikageuka. Thirza alikuwa ananitazama kama ninavyotazamwa na mwenye sanduku la barua lililogongwa.

"Dada, naweza kuja kukaa kwako?"

"Unakoroma."

"Najua."

"Chumba cha nyuma," akasema. "Na viatu nje."

Jaji akamgeukia yeye mwenyewe, taratibu, kwa heshima. "Bi Colburn, nikiamua kwamba mtu akusaidie kuamua mambo ya matibabu na ya makazi, ungependa awe nani?"

Thirza akafikiri. "Karai liliunguzwa na nani, hebu niambieni tena?"

"Na ndugu yako," jaji akamwambia. "Amekiri mwenyewe."

"Basi anayehitaji mlezi ni huyo," akasema Thirza. "Leteni hiyo karatasi nitie saini mimi."

Royce alicheka kwa sauti, na jaji akaficha mdomo kwa mkono. Gagnon akainamisha kichwa. Mimi nilicheka na machozi yakanitoka mbele za watu wote.

Uamuzi ni huu: mimi ni mlezi wake kwa mambo mawili tu, matibabu na makazi, na siwezi kumhamisha nyumbani bila kurudi mbele ya jaji. Mengine yote ni yake. Kura yake ni yake, mkutano wa mji ni wake, na msituni ataendelea kutoboa miti, mtu akiwa kando yake. Baada ya mwaka tunarudi. Jaji akaniambia nisubiri wengine watoke.

"Ungeweza kunyamaza," akasema.

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Usingepata zaidi ya ulichopata. Nilikuwa na daraja na nguzo. Lakini siku ambayo ningejua ukweli, ulezi ningempa mtu mwingine."

Nje, Gagnon alinipa mkono. Nikamwambia babu yake alimfundisha vizuri. Nikamwambia pia kwamba nilimsema vibaya kwenye daftari hili. Akasema amelisikia likisomwa, ila inaonekana sehemu hiyo niliiruka.

Tulipofika kilima cha Stannard, Thirza alikuwa anaangalia nje ya dirisha. Akaweka mkono wake juu ya wangu kwenye gia.

"Merrill, sijui nianzeje. Nimekuwa nikikuficha. Niliunguza karai la baba."

Nikaegesha pembeni, kwenye tope, nikamweleza. Alinitukana mpaka nyumbani.

5 Aprili

Nimehamia. Viatu nje.

9 Aprili

Samahani mbili. Zote nimemjibu. Ya jioni alinipiga na taulo la vyombo.

12 Aprili, Jumamosi

Machipukizi yametoka, utomvu umeanza kunuka, msimu umekwisha. Tumeng'oa mirija, yeye mbele, mimi na ndoo nyuma. Royce kauliza kama nimechoka kumwambia kila siku, si nimwambie tu kwamba yamesamehewa. Nikamjibu kwamba nilijaribu karibu wiki tatu, na kusamehewa hakukumsaidia kitu, maana hakuwa amekosa.

16 Aprili, Jumatano

Leo kaniomba radhi wakati wa chai ya asubuhi. Nikamwambia: koki, simu, mimi. Akanitukana yote, kichwa cha kuvalia kofia, fimbo ya baba, New Hampshire. Kisha akauliza jambo ambalo hajawahi kuuliza.

"Na mimi nilikuwa najilaumu?"

"Ndiyo."

"Siku ngapi?"

"Ishirini, kabla sijakwambia."

"Ni nyingi, Merrill."

"Ni nyingi, dada."

Akanisukumia sahani ya mayai. "Usinifanyie tena."

"Sitakufanyia tena."

Saa nne nilikuwa nje napasua kuni. Nikamsikia anakuja kwa nyuma, hatua za polepole kwa sababu ya vidole vyake, akasimama kando ya gogo, akakunja mikono. Niliona mdomo wake unatafuta namna ya kuanza. Nikaweka shoka chini.

"Si wewe," nikamwambia. "Kaa hapa, nikueleze."